Pazia Lililopigwa Pindo

"Pazia lenu limekufa."

Mwanamke aliyetamka maneno hayo alikuwa amesimama mlangoni mwa maabara, mguu mmoja ndani, mmoja nje, tepu ya kupimia ikimning'inia shingoni na kitu kirefu kilichoviringishwa kwa gazeti kikiwa kimebanwa kwapani. Hakuna aliyemjua, wala hakuna aliyekuwa akimtarajia. Mlinzi wa getini alifika nyuma yake akitweta na kujitetea.

"Nimemwambia asubiri, jamani, nimemwambia! Ameniuliza kama hili shati langu lilishonwa gizani. Nilipoinama kulitazama, hayupo."

Msichana aliyekuwa karibu na mlango aliacha alichokuwa akikifanya, jambo ambalo halikumpa taabu, maana tangu asubuhi alikuwa ameanza na kuacha mambo mengi. Wenzake walimwita Kiherehere. Alikuwa mhitimu mpya, mwembamba, asiyeweza kukaa kitini bila goti kumcheza, na siku hizo goti lilikuwa limezidi. Wiki iliyokuwa ikija wangepokea wageni kutoka chuo kikubwa cha mbali. Wageni hao wangemchagua kijana mmoja wa kwenda kuisomea zaidi kazi ya maabara ile, na vijana walikuwa wawili: yeye na mvulana waliyemwita Glavu. Kila mmoja alitakiwa kuonyesha utando aliouchapa kwa mkono wake mwenyewe, ukiwasha taa mbele ya macho yao. Asiye na utando wa kuonyesha hakuwa na la kuzungumza.

Utando huo ndio uliokuwa kazi yao. Ni plastiki nyembamba inayokunjika kama kalenda ya ukutani, iliyochapwa juu yake wino maalumu unaogeuza mwanga kuwa umeme. Haikufanana na zile paneli nzito za juu ya bati. Ukiubandika utando dirishani bado unaona nje, ila dunia nzima inageuka rangi ya chai isiyo na maziwa. Tena haudai jua kali. Hata mwanga uliochoka wa uchochoroni unatosha kuchaji vitu vidogo. Kiherehere aliupenda kama mtu anavyompenda mdogo wake wa mwisho, kwa wasiwasi na kwa kujisifu.

"Karibu, dada," alisema. "Nani amekufa?"

"Pazia. Hili hapa."

Kiherehere alifungua gazeti juu ya meza. Akatazama. Akageuza upande wa pili, akatazama tena, asiamini macho yake.

Utando ulikuwa umekatwa. Wala haukukatwa ovyo: mkasi ulipita kwa mstari ulionyooka kabisa, kisha ukingo ukakunjwa kwa ndani na kupigwa pindo kwa cherehani, kwa uzi wa zambarau, mishono midogo midogo iliyolingana kuzunguka pande zote. Ilikuwa kazi safi ya mtu anayeiheshimu kazi yake.

Glavu, aliyekuwa amesogea kuchungulia, alishika meza kwa mikono miwili.

"Ameupiga pindo!" alisema, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Jamani, mbavu zangu! Ameupiga pindo!"

"Kijana," mwanamke alisema bila kupandisha sauti, "ukimaliza kucheka uniambie, nicheke na mimi."

Glavu alimeza kicheko kilichobaki. Kiherehere hakuwa amecheka. Alikuwa akipitisha kidole juu ya mishono.

"Dada, kwa nini uliukata?"

"Nimehama. Dirisha la chumba kipya ni jembamba. Mimi ni fundi cherehani. Kitambaa kikizidi dirisha unakifanyaje? Unakikata. Ukishakikata, ukingo utafumuka, kwa hiyo unapiga pindo. Nimekosea wapi? Labda rangi ya uzi, maana chumba chenye pazia hili hudanganya macho. Niliushika nikijua ni wa kahawia."

"Huu haufumuki," Kiherehere alisema taratibu. "Huu unaingiza hewa. Wino uliomo ndani ukiguswa na hewa na unyevu, unakufa. Ndiyo maana tunaziba kingo zote kwa gundi. Ukikata umeufungulia mlango. Na sindano, dada... kila tundu la sindano ni mlango mwingine."

Fundi aliutazama utando, kisha akamtazama yeye.

"Aliyekuja kulibandika hakuniambia hayo."

"Alikuambia nini?"

"Nisilioshe kwa sabuni. Na sikuliosha."

Aliyelibandika alikuwa kijana mwenzao wa zamani aliyekwisha kupata kazi nchi nyingine. Kabla ya kuondoka aliwagawia watu wachache wajaribu, akaaga, na hakuna aliyefuatilia tena. Kiherehere aliona haya iliyompanda mpaka masikioni. Walikuwa wameandika kurasa na kurasa kuhusu joto, pembe ya mwanga na unene wa wino. Hakuna hata mmoja wao aliyefikiri kwamba jambo la kwanza fundi cherehani atakalofanya na kitu kinachokunjika ni kuchukua mkasi.

"Lilikuwa likichaji nini?" aliuliza.

"Masikio ya baba."

Kiherehere alivua koti jeupe. Hakuomba ruhusa wala hakufikiri. Miguu yake ilikwisha kuamua.

Chumba cha fundi kilikuwa chini kabisa ya jengo refu, kikitazamana na jengo jingine refu, na katikati yao palikuwa na uchochoro ambao watu wawili wanene wasingepishana bila kuombana radhi. Ndani kulikuwa na cherehani ya kukanyaga, rundo la sare za shule zilizosubiri vifungo, pasi ya mkaa juu ya tofali, na dirisha moja jembamba. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na dirisha. Kipande cha kitambaa kilifungwa kwenye kifundo cha mguu wake, na ncha ya pili ilifungwa kiunoni mwa mtoto wa kike aliyekuwa akitambaa sakafuni. Mtoto akienda mbali, mguu wa mzee unavutwa.

"Mpima umeme?" mzee aliuliza kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake.

"Ni mtu wa pazia, Baba!" fundi alipiga kelele.

"Pazia la nini? Mimi nataka masikio." Kisha akamgeukia Kiherehere na kuligonga sikio lake la kushoto kwa kidole. "Sogea upande huu, binti. Huku kuna mtu bado yupo. Kule walishahama."

Fundi alieleza huku akipanga sare, mikono yake haikujua kusimama. Chumba kile hakikuwa na umeme; mwenye nyumba alisema utaletwa wiki ijayo, na wiki ijayo yake ilikuwa haijawahi kufika. Alijaribu kuvipeleka vifaa vya masikioni vinavyomsaidia mzee kusikia kwa wachaji simu wa barabarani, mzee akishinda siku nzima bila kusikia, na mara moja alirudishiwa vya mtu mwingine, vya kusikilizia muziki. Ilibidi arudi kugombana. Tangu hapo mzee alikataa visitoke nyumbani.

"Pazia lilipokuwa zima, alikuwa anavichaji akilala mchana," alisema. "Akiamka, masikio yako tayari. Mimi nazungusha sare madukani, yeye anabaki na mjukuu wake. Wiki iliyopita mtoto aligusa pasi. Alilia, na baba alikuwa hapo hapo, amempa mgongo." Aliiweka sare chini. "Ni kidole tu, kimepona. Lakini baba hajapona."

"Unasema nini huko?" mzee aliuliza.

"Namwambia unaondoka!"

"Ndiyo, naondoka. Alhamisi mpwa wangu anapita na lori, nakwenda kwa mdogo wangu. Mlezi asiyesikia ni kiti tu, tena kiti kinachokula."

"Baba, usiseme hivyo."

"Sikukusikia," mzee alisema, na uso wake ulionyesha kwamba safari hii alikuwa amesikia.

Fundi aligeukia dirisha, akajifanya anapangusa vumbi. Kiherehere hakujua mikono yake aiweke wapi. Aliazima tepu, akapima kioo, na moyo ukamruka: utando wake mwenyewe, ule wa kuwaonyesha wageni, alikuwa ameuchapa mwembamba kwa upana kuliko kawaida. Ungekaa pale kama uliozaliwa hapo. Alilifukuza wazo hilo. Wino upo, mashine ipo, siku zipo. Atachapa mwingine wa kipimo kile kile, basi.

Alipiga magoti upande wa sikio la kushoto.

"Mzee, Alhamisi, kabla jua halijaondoka kwenye dirisha hili, pazia jipya litakuwa limebandikwa."

Mzee alimwelekezea kidole.

"Unaahidi wewe au inaahidi ofisi? Maana ofisi naijua."

"Naahidi mimi."

"Haya. Basi nitafunga mizigo polepole."

Siku iliyofuata Daktari, mkuu wa maabara, aliingia na simu mkononi. Alikuwa mtu mkavu, asiyesema neno ambalo halikupimwa.

"Wageni wamebadili ratiba," alisema. "Wanakuja Alhamisi asubuhi. Kila mmoja aandae utando wake."

Tangu dakika hiyo Kiherehere hakukaa chini. Tando zilichapwa ndani ya sanduku kubwa la kioo lisiloingiza hewa, na mtu aliingiza mikono kupitia glavu ndefu za mpira zilizofungwa ukutani mwake. Alichapa utando wa kwanza. Ukatoka na mabaka kama ngozi yenye ukurutu. Akasafisha, akachapa wa pili, mabaka. Akabadilisha mwendo wa mashine, akazunguka sanduku, akagusa kila kiungo cha bomba, akarudi palepale.

"Unalizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia," Glavu alisema. "Tulia, utaanguka."

"Kuna hewa inaingia."

"Haiingii. Nimelikagua juzi."

Ilikuwa ikiingia. Jumatano mchana waliukuta ufa mdogo kwenye kidole cha glavu ya kulia, mahali mpira ulipochoka kwa kukunjwa, na kufikia hapo wino ulikuwa umekwisha. Chupa nyingine ilikuwa njiani na hakuna aliyejua njia hiyo ina urefu gani. Kiherehere alisimama akiitazama chupa tupu. Utando mzima ulikuwa mmoja, ule wake, ndani ya kabati, umelala kwenye karatasi laini.

Glavu alikuwa ameacha mizaha, au alijaribu kuiacha.

"Mpigie yule fundi simu. Mwambie wiki mbili. Utamchapia mzuri zaidi."

"Lori linapita kesho."

"Basi mzee atapanda lori, pazia likiwa tayari atarudi. Watu huenda na kurudi kila siku."

"Huyu hatarudi. Anaondoka kwa sababu anajiona hana kazi duniani. Mtu wa hivyo hukaa anakokwenda."

"Sikiliza, bi mkubwa." Glavu aliketi juu ya meza, jambo lililokatazwa. "Mimi nataka ile nafasi. Sikufichi, naitaka usiku na mchana. Lakini nataka kuipata kwa kukushinda, si kwa kuokota. Usinifanyie hivi."

Kiherehere alicheka kidogo, kicheko chembamba kisicho na nguvu, akaenda kugonga mlango wa Daktari.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho huku akizungusha kalamu.

"Utando ni wako," alisema. "Umeuchapa wewe, kwa jasho lako. Sitakukataza. Lakini kesho wageni watakapokaa pale, utawaonyesha nini? Mdomo?"

"Sijui."

"Wakikuchagua, utakwenda, utasoma, utarudi na tando zinazodumu kuliko hizi zetu. Utaweka kwenye madirisha elfu. Fikiria wazee wote walioko nyuma ya hayo madirisha. Hilo si jambo kubwa kuliko dirisha moja?"

Hapo ndipo goti lake lilipoacha kucheza, kwa sababu Daktari alikuwa akisema kweli, na kwa sababu maneno hayo yalikuwa yake mwenyewe. Ndiyo aliyoyaandika alipoomba kazi. Ndiyo aliyomwambia mama yake walipokuwa wakibishana kama asome kitu chenye mshahara. Aliyaamini, na bado aliyaamini.

"Ni kubwa," alisema. "Lakini hayo madirisha elfu bado hayajaniuliza ni siku gani. Hili limeniuliza, nikalijibu."

Daktari aliacha kuizungusha kalamu.

Asubuhi ya Alhamisi Kiherehere alifika kazini mapema, amevaa nguo nzuri aliyoipiga pasi kwa ajili ya wageni, maana hata wakati huo hakuwa ameamua, au alijidanganya hivyo. Alifungua kabati. Aliunganisha utando na taa ndogo ya majaribio, taa ikawaka mara moja, imara, bila kupepesa. Akaizima. Akaiwasha tena. Akatembea mpaka dirishani, akarudi. Nje madereva walikuwa wakipanga magari upya ili gari la wageni lipate kivuli. Akajiambia atapiga simu kwanza, aulize kama lori limechelewa, labda limechelewa. Alishika simu, akaona kwamba anachotafuta ni ruhusa ya kuvunja ahadi kutoka kwa mtu aliyeahidiwa, akairudisha mkobani kwa aibu.

Aliuviringisha utando kwenye karatasi yake laini, akachukua tyubu ya gundi na kitambaa safi. Getini mlinzi alimwambia kwamba anakosea njia, wageni wanaingia, hawatoki.

Alitembea haraka, kisha akakimbia, kisha akaacha kukimbia kwa kuogopa kuukunja utando.

Mzigo wa mzee ulikuwa mlangoni: begi moja na kigoda kilichofungwa kamba. Mzee mwenyewe alikuwa amevaa koti, amesimama katikati ya chumba kama mtu aliye kituoni. Fundi alikuwa ameketi nyuma ya cherehani bila kushona, mtoto mapajani. Alipomwona Kiherehere alisimama na mtoto, akampisha njia.

"Kioo," Kiherehere alisema. "Nipe maji kidogo, dada. Jua limefika?"

"Linaingia sasa hivi."

Gundi ile ilishika kwenye kioo chenye joto tu, na jua lilikuwa na kawaida ya kupita katikati ya yale majengo mawili kwa muda mfupi, kama mpangaji anayemkwepa mwenye nyumba. Alipangusa kioo, akakikausha, akapaka gundi kuzunguka kingo zote. Hapo mkono wake ulisita. Gundi hiyo ikishika haitoki. Utando ukibandikwa, hakuna tena cha kurudi nacho. Aliushika kwa ncha za vidole, akaona kupitia kwake ukuta wa jengo la pili, rangi ya chai, na mstari wa jua ukishuka juu yake.

Akaubandika.

Alianzia juu, akishuka kwa viganja, akisukuma hewa itokee pembeni. Kisha akaanza kuzibana kingo, moja baada ya nyingine, kwa uzito wote wa mwili wake mdogo. Mkoba wake ukaanza kulia.

"Simu yako," fundi alisema.

"Siwezi kuachia mikono. Nikiachia, hewa inaingia."

"Nikushikie?"

Alifikiri. "Nishikie."

Fundi alimwekea simu sikioni. Ilikuwa sauti ya Daktari, ya chini, ya mtu aliyetoka nje ya chumba chenye watu.

"Wageni wameshakaa. Glavu anaanza sasa hivi. Baada yake ni wewe. Uko wapi?"

"Niko dirishani."

"Umeshabandika?"

"Kona moja bado."

Alimsikia Daktari akivuta pumzi, na nyuma yake sauti ya Glavu ikisema neno lililowachekesha wageni. Goti lilianza kumcheza, akalibana kwenye ukuta chini ya dirisha.

"Sitawahi kufika," alisema. "Waombe radhi. Waambie utando wangu uko kazini."

"Nitawaambia hivyo hivyo," Daktari alisema. Kisha, kwa sauti ile ile kavu: "Hiyo kona ibane sana. Huwa inaanzia konani kuachia."

Simu ikakatika. Fundi aliichukua, akairudisha mkobani.

"Chomeka waya, dada. Ule mweusi, kwenye kisanduku cha masikio ya mzee."

Fundi alichomeka. Kitaa cha kijani, kidogo kama kichwa cha pini, kikawaka kando ya kisanduku cha kuchajia. Mzee alipiga hatua, akainama, akakitazama kwa karibu sana. Kisha akakaa chini sakafuni, na koti lake, kukilinda.

Nje, mwanzoni mwa uchochoro, lori lilipiga honi. Likapiga tena, refu zaidi. Mzee hakusikia, alikuwa akikitazama kitaa. Fundi alimweka mtoto mapajani mwa babu yake, akafunga kanga yake vizuri, akatoka kwenda kumwambia dereva asisubiri.

Kiherehere alibaki ameegemeza viganja viwili kwenye kona. Jua lilikwisha kuhama, na gundi ilikwisha kushika. Aliendelea kubana.